Namna ya kubuni kifaa cha kubebeka cha kupima upumuaji wa farasi: mwongozo kamili

Vifaa vingi vya aina hii huharibika kabla chuma cha kulehemu hakijapata moto. Mtu anachukua kipimo cha pumzi cha binadamu, anakuza barakoa, anarefusha mikanda, kisha anadhani amepata kifaa cha farasi. Farasi hapumui kama mtu mkubwa. Anapumua kwa pua tu, na hata akibanwa vipi mdomo haumsaidii. Mnyama wa kilo 500 akiwa ametulia huvuta pumzi 8 hadi 16 kwa dakika, kila moja ikiwa na ujazo wa lita 5 hivi. Na katika kila pumzi ya utulivu hewa huingia kwa mikupuo miwili, kisha hutoka kwa mikupuo miwili. Kifaa kisichoyajua hayo kitatoa namba nzuri zenye desimali, na zote zitakuwa za uongo.

Kifaa tunachokieleza hapa ni cha kupimia zizini, farasi akiwa amesimama. Kina sehemu tatu: barakoa yenye kipima mtiririko, kanda mbili za kifua na tumbo, na maikrofoni ya kusikilizia mapafu. Vyote viingie katika sanduku moja la kubebwa kwa mkono mmoja. Kazi yake ni kumsaidia daktari wa mifugo kujua kama njia za hewa zimebana, farasi anatumia juhudi kiasi gani kupumua, na kama shida iko juu kwenye pua na zoloto au chini mapafuni.

Namba za kuanzia

Andika namba hizi ukutani kabla ya kununua chochote.

Mtiririko wa juu kabisa farasi akiwa ametulia ni lita 5 hivi kwa sekunde. Akipumua kwa kina au akikohoa huongezeka mara kadhaa, kwa hiyo buni kwa lita 20 kwa sekunde kila upande, kuingia na kutoka. Usijaribu kubuni kifaa kimoja cha zizini na cha mbioni. Farasi anayekimbia kwa kasi hupitisha zaidi ya lita 60 kwa sekunde, na kipimo kinachovumilia kiasi hicho hakioni chochote cha maana kwenye pumzi ya utulivu.

Ukinzani wa njia za hewa na mapafu ya farasi mzima wa afya ni takriban paskali 50 hadi 100 kwa kila lita kwa sekunde. Kifaa chako kisizidi sehemu ya kumi ya kiwango cha chini, yaani paskali 5 kwa kila lita kwa sekunde. Ukizidisha, utakuwa unapima ugonjwa uliomletea mwenyewe.

Nafasi mfu ya barakoa, yaani hewa inayobaki ndani yake na kuvutwa tena, iwe chini ya lita 1. Uzito wote unaoning'inia puani usizidi gramu 500. Zaidi ya hapo farasi huinamisha kichwa, shingo hujikunja, na njia ya hewa hubanika kwa sababu ya mkao peke yake.

Barakoa

Tengeneza kwanza kielelezo cha pua. Zungushia pua na mdomo wa farasi mpole bandeji ya plasta juu ya plastiki laini, ukiacha mianzi ya pua wazi. Ikishaanza kushika, ikate kwa nyuma, itoe, na uijaze plasta au sponji ngumu. Kielelezo hicho kitakuokolea siku nyingi za kumsumbua mnyama.

Ukingo wa barakoa lazima ukae juu ya mfupa. Pitisha kidole kutoka paji la uso kushuka puani: utahisi mfupa, halafu ghafla unaishia na kubaki nyama laini. Pale kwenye nyama laini pana mfuko wa pua unaojazana na kulegea kila farasi anapopumua, na mkanda ukipita juu yake unaziba nusu ya njia. Weka ukingo vidole viwili chini ya ukingo wa mfupa wa shavu, na hakikisha vidole viwili vinapita kati ya mkanda na ngozi.

Ganda la mbele liwe gumu, la plastiki ya milimita 2 hadi 3 au nyuzi za kioo zenye resini. Liache nafasi ya sentimita 3 kila upande wa mianzi ya pua, kwa kuwa farasi mwenye shida huitanua sana na ikigusa ganda ataanza kupigana nalo. Pembeni shona sketi ya neopreni ya milimita 3, ukishika ngozi kwa upande laini. Kidevu ndipo panapovuja zaidi, kwa sababu ya ndevu na mdomo unaochezacheza, kwa hiyo ongeza pedi ya sponji ya matundu yaliyofungika chini ya mdomo.

Kupima nafasi mfu, vika barakoa kwenye kielelezo, ziba ukingo kwa udongo wa kufinyanga, geuza mdomo wa barakoa juu, kisha mimina maji kwa chombo chenye vipimo hadi yafike kwenye wavu wa kipima mtiririko. Kiasi kilichoingia ndiyo nafasi mfu. Ikizidi lita 1, jaza pembe za ganda kwa sponji iliyopakwa silikoni.

Mikanda yote ifungwe kwa velkro au kifungo kinachoachia kwa mvuto mmoja. Waya zote zinazotoka kichwani ziwe na kiungo cha sumaku. Siku moja farasi atarusha kichwa, na siku hiyo kitu lazima kiachie upesi kabla hajashtuka zaidi.

Kipima mtiririko

Kanuni ni nyepesi: hewa inapita kwenye wavu, na tofauti ya shinikizo kati ya pande mbili za wavu inakwambia kasi yake. Ugumu uko kwenye unyevu.

Tumia wavu wa chuma kisichoshika kutu wenye matundu ya mikromita 40 hivi, ulionyoshwa kwenye duara la kipenyo cha milimita 100. Kwa upana huo, lita 5 kwa sekunde hupita kwa mwendo wa mita 0.64 tu kwa sekunde, na mwendo mdogo hivyo ndio unaofanya shinikizo liongezeke sambamba na mtiririko. Ukitumia bomba jembamba la milimita 35 kama la binadamu, hewa inasukasuka na uhusiano huo unapinda. Pima ukinzani wa tabaka moja kabla ya kuongeza la pili. Unatafuta paskali 25 kwa lita 5 kwa sekunde.

Kihisi cha tofauti ya shinikizo kiwe cha paskali 125 kila upande. Lita 20 kwa sekunde zitakupa paskali 100, kwa hiyo unatumia karibu uwezo wake wote. Kuna aina mbili sokoni. Vya utando hubadilika sifuri vikiinamishwa, na kichwa cha farasi hakitulii. Vya mtiririko wa joto vina sifuri imara zaidi, lakini hupitisha hewa kidogo ndani yake, kwa hiyo mpira wa kukiunganisha na wavu ukiwa mrefu au mwembamba hupunguza usomaji. Tunapendelea vya pili kwa masharti mawili: mipira iwe na kipenyo cha ndani cha milimita 3 na isizidi sentimita 50, na yote miwili ilingane urefu kwa milimita. Kihisi kikae kwenye shavu la hatamu. Kukiweka mgongoni kunakulazimisha kutumia mipira mirefu.

Kila upande wa wavu toboa matundu manne yanayoungana kwenye mfereji mmoja wa mviringo, ili usome wastani badala ya upepo wa sehemu moja. Mipira itokee juu ya bomba. Ikitokea chini, maji yataingia dakika ya pili.

Pumzi inayotoka ina joto la zaidi ya nyuzi 30 na imejaa mvuke. Ikikutana na wavu baridi, mvuke unageuka matone. Itazame kwa karibu: tone la ukubwa wa punje ya mchele linakaa kwenye wavu, linaziba mamia ya matundu, na mstari wa kutoa pumzi unaanza kupanda polepole kama kwamba farasi anatoa hewa nyingi kuliko anayovuta. Dawa yake ni kupasha wavu joto hadi nyuzi 40. Zungusha waya wa kupasha joto kwenye fremu, weka kihisi cha joto kando yake, na programu iwashe na kuzima.  Usipitishe nyuzi 45, kwani ngozi ya pua ni laini. Usitumie kichujio cha bakteria cha mashine za binadamu mbele ya wavu, maana peke yake kina ukinzani mara nyingi ya kikomo tulichojiwekea.

Kanda za kifua na tumbo

Kila ukanda ni lastiki pana ya sentimita 5 iliyoshonewa waya wa nyuzi nyingi kwa mtindo wa kwenda upande, kama alama ya mawimbi. Waya huo ni koili ya mzunguko mmoja. Farasi akivuta pumzi eneo lililozungukwa linaongezeka, na masafa ya osileta, yaani saketi inayotoa mawimbi ya umeme kupitia koili hiyo, yanashuka.

Kifua cha farasi wa kilo 500 kina mzunguko wa sentimita 180 hadi 190. Koili ya hapo huwa na mikrohenri 3 hivi. Iunganishe na kapasita zenye jumla ya nanofaradi 10 na utapata masafa ya karibu kilohezi 900. Chagua kapasita ambazo thamani yake haibadiliki na joto, la sivyo jua likipiga sanduku utaona farasi "ananenepa" kwenye skrini.

Hapa wengi hukwama. Pumzi ya utulivu hubadilisha mzunguko wa kifua kwa chini ya asilimia 1, hivyo masafa huchezea kilohezi chache tu. Ukihesabu mizunguko katika dirisha la milisekunde 20, hatua ndogo kabisa unayoiona ni hezi 50, na mstari wa pumzi unakuwa ngazi zenye meno. Geuza hesabu: pima muda wa mizunguko hiyo kwa saa ya megahezi 48. Hapo unaona mabadiliko ya hezi 1 hivi, na mstari unakuwa laini bila kuuchuja.

Ukanda wa kifua upite kwenye nafasi ya 11 kati ya mbavu. Hesabu kutoka nyuma: farasi ana jozi 18 za mbavu, na ya mwisho hupatikana kwa urahisi kwa vidole. Ukanda wa tumbo uwe nyuma tu ya ubavu wa 18. Lastiki zivute kwa upole, kiasi cha mkono kupita chini yake. Unganisha kanda mbili kwa utepe wa mgongoni usionyumbuka, kwa kuwa ukanda wa tumbo hupenda kurudi nyuma kuelekea kiuno, na farasi ambaye hajazoea kuguswa hapo hurusha teke. Osileta mbili zitofautiane kwa kilohezi 50 au zaidi ili zisiingiliane.

Maikrofoni

Tumia kichwa cha stetoskopu cha chuma chenye kijishimo cha kina cha milimita 5 na upana wa milimita 15 hivi, maikrofoni ikiwa chini ya kijishimo. Funika mgongo wake kwa sponji nzito. Adui mkubwa ni manyoya. Yakisuguana hutoa mchakacho unaofanana kabisa na mikwaruzo ya mapafu yenye maji, na wapo farasi waliotibiwa nimonia ya manyoya. Lowesha mahali kwa spiriti au jeli, bonyeza, subiri sekunde 5 mkono utulie, ndipo urekodi.

Chuja sauti zilizo chini ya hezi 70 ili kupunguza moyo na misuli. Rekodi kwa sampuli 16,000 kwa sekunde. Mapafu hayahitaji nyingi hivyo, ila sauti za zoloto hupanda juu zaidi, na utataka kifaa kilekile kwa vyote viwili.

Umeme na programu

Bodi moja, saa moja inayoongoza vihisi vyote. Usirushe data ya kanda na ya barakoa kwa redio mbili tofauti, kwa kuwa ucheleweshaji usiotabirika unaua kimoja cha vipimo muhimu tutakavyoeleza hapa chini. Sampuli 100 kwa sekunde zinatosha kwa mtiririko. Hifadhi data ghafi kwenye kadi na tumia redio kwa kuonyesha tu. Vihisi na bodi vikitumia miliampea 120, betri ya lithiamu ya miliampea-saa 3000 inavikimu siku nzima, lakini kipasha joto kipe betri yake.

Programu ya kuhesabu pumzi isitafute vilele. Kwa sababu ya mikupuo miwili, kila pumzi ina vilele viwili, na farasi wa pumzi 12 atahesabiwa 24 na kutangazwa mgonjwa. Tumia mwelekeo: pumzi mpya huanza mtiririko wa kuingia ukizidi lita 0.3 kwa sekunde baada ya kutoka kuzidi kiasi hichohicho, na ujazo ufikie lita 1 kabla ya kukubaliwa. Pumzi za kunusanusa, ndogo na za haraka, zitupwe. Farasi akipuliza pua kwa nguvu, tupa pumzi hiyo na mbili zinazofuata. Hifadhi dakika 3 hadi 5, kisha chagua angalau pumzi 10 mfululizo za utulivu.

Kuna jambo moja zaidi kwenye hesabu. Hewa inayoingia ni baridi na kavu kiasi, inayotoka ni ya moto na nyevu, kwa hiyo pumzi ileile hutoka ikiwa na ujazo mkubwa kwa takriban asilimia 10. Sahihisha kwa joto na unyevu wa mahali. Usipofanya hivyo, mstari wa ujazo utateleza upande mmoja na utapoteza siku ukitafuta mvujo usiokuwepo.

Kulinganisha na kipimo kinachojulikana

1. Washa kipasha joto na subiri dakika 10. Ziba barakoa pande zote na weka sifuri.
2. Unganisha bomba la kulinganishia la lita 3. Sukuma na vuta mara 5 kwa sekunde 3 kila mpigo, mara 5 kwa sekunde 1, na mara 5 kwa haraka iwezekanavyo, karibu sekunde 0.6.
3. Kila mpigo usome kati ya lita 2.91 na 3.09. Kama ile ya haraka inazidi na ya polepole iko sawa, hewa inasukasuka kwenye wavu: ongeza kwenye mlinganyo sehemu inayofuata mraba wa mtiririko. Kama zote zinapungua kwa kiasi kilekile, tafuta mpira uliolegea.
4. Rudia kwa kugeuza barakoa juu, chini na pembeni. Sifuri isihame zaidi ya paskali 0.5.

Kanda hazina kipimo chake cha peke yake. Hulinganishwa juu ya farasi mwenyewe: chukua pumzi 10 za utulivu na tafuta uzito wa kifua na wa tumbo ambao jumla yake inafanana zaidi na ujazo wa barakoa. Ukanda ukihama, anza upya.

Kumpima farasi

Tangu mwanzo kuwe na daktari wa mifugo, na jaribu kwanza kwa wanyama wazima waliozoea kushikwa. Mwonyeshe barakoa, aachwe ainuse, mvalishe bila bomba la mbele lenye wavu, subiri dakika 5, ndipo ufunge bomba. Mshikaji amshike kwa mkono, asimfunge kamba ukutani. Farasi ambaye mianzi ya pua imetanuka akiwa amesimama tu, anayejikaza tumbo kila pumzi, asivalishwe barakoa wala mfuko: huyo anahitaji matibabu kwanza.

Barakoa ikishatoka, ndipo zamu ya mfuko wa plastiki wa kumfanya apumue kwa kina. Mfuko mkubwa wa lita 50 au zaidi ushikwe kuzunguka pua bila kuziba mianzi, hadi pumzi ziwe nzito, kwa kawaida dakika 1 hadi 2. Utoe, na maikrofoni ianze kazi papo hapo. Mpaka wa mapafu kwa nyuma hupita nafasi ya 17 kati ya mbavu kwa usawa wa nyonga, ya 13 katikati ya kifua, ya 11 kwa usawa wa ncha ya bega, kisha hushuka hadi kiwiko. Farasi mwenye afya hurudia pumzi zake za kawaida baada ya pumzi chache. Kikohozi, au kuchelewa kutulia, ni dalili ya kuandikwa.

Kusoma matokeo

Kipimo tunachokithamini zaidi ni uhusiano wa kifua na tumbo. Kwa farasi mwenye afya huenda karibu pamoja. Njia za hewa zikibana, kimoja hutangulia. Tafuta ucheleweshaji unaofananisha mistari miwili vizuri zaidi, gawa kwa urefu wa pumzi, zidisha kwa 360: sekunde 0.4 kwenye pumzi ya sekunde 5 ni nyuzi 29. Njia ya zamani ya kuchora umbo la yai kati ya kifua na tumbo tunaiepuka, kwa kuwa mikupuo miwili hulipindapinda umbo hilo.

Cha pili ni tofauti kati ya mtiririko uliokokotolewa kutoka kwenye kanda na ule wa barakoa. Mwanzoni mwa kutoa pumzi, farasi mwenye pumu huanza kubana kifua kabla hewa haijapata njia ya kutoka. Kanda zinaona mwendo huo, barakoa haioni. Pengo hilo likikua, njia zimebana. Ndiyo maana saa moja kwa vihisi vyote ni lazima.

Cha tatu ni umbo lenyewe. Mikupuo miwili ikipotea na kutoa pumzi kukawa msukumo mmoja, hiyo ni alama ya pumu kali, na mara nyingi utaiona kwa macho ubavuni pia.

Kelele ya kuvuta pumzi inayosikika zaidi kwenye zoloto, huku mapafu yakiwa safi, inaelekeza juu. Kifaa hiki hakiwezi kuonyesha zoloto lililopooza upande wa kushoto, wala kaakaa linalohama. Hapo inahitajika endoskopu, yaani kamera nyembamba inayopitishwa puani, na ikiwezekana bila dawa ya kutuliza, kwani dawa hizo hubadilisha jinsi zoloto linavyofunguka. Vivyo hivyo, pengo la kanda likithibitisha kubana, chembechembe za kuvimba hupatikana kwa kuosha mapafu na kutazama kwa hadubini.

Usafi kati ya farasi mmoja na mwingine

Mafua na ugonjwa wa majipu ya koo husafiri kwenye makamasi, na barakoa ni daraja bora kabisa la kuyavusha. Buni ganda, sketi na wavu vitoke bila bisibisi. Osha kwa maji na sabuni kwanza, kwa sababu dawa ya kuua vijidudu haifanyi kazi juu ya uchafu, kisha loweka kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, suuza sana na ukaushe. Wavu usisuguliwe kwa brashi: uchovye, utikise, upulize hewa kutoka upande wa nje. Kanda zipanguswe kwa spiriti. Beba angalau sketi tatu na nyavu tatu, kila wavu ukiwa na namba yake na mlinganyo wake ndani ya programu, maana hakuna nyavu mbili zinazosoma sawa.